Kifusi Chini ya Gati

Barabara ya lami ya mji wetu inaishia kwenye shimo la maji. Mgeni akitokea Buseresere akaifuata mpaka mwisho, atakuta bata wanaogelea pale ambapo zamani meli ya Mwanza ilikuwa inafungwa, na akiuliza kulikoni ataambiwa ziwa lilipanda. Atajibiwa hivyo na mama ntilie, atajibiwa hivyo na dereva wa bodaboda, na akienda kwa katekista atapata jibu lile lile pamoja na pole. Ni uongo mtupu. Ziwa lilipanda, sikatai, lakini gati letu halikubomolewa na ziwa. Tulilibomoa wenyewe kwa sururu na ndoo, mchana kweupe, kwa muda wa wiki tano, na aliyeanzisha ni mimi. Nilianzisha kwa kipindi kimoja cha historia cha dakika arobaini, darasa la sita.

Jina la mji sitalitaja. Tunaoishi hapa tunajijua, na asiyeujua hakuna anachokosa.

Inabidi nieleze kwanza sisi ni watu wa namna gani, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mji huu uliota kwa sababu ya pamba. Pamba ilitoka vijijini kwa malori na mikokoteni ya ng'ombe, ikachambuliwa kwenye jineri iliyokuwa pale ambapo leo ni uwanja wa mnada, ikafungwa marobota, na marobota yakashushwa gatini kwenda Mwanza. Meli ilikuja mara mbili kwa wiki. Watu wakaifuata pamba: Wasumbwa kutoka Runzewe na madumu yao ya asali, Wazinza na samaki wao, Wasukuma na ng'ombe na maneno mengi. Siku ya meli mji mzima ulioga. Wanawake walitoa vitenge ambavyo havikuwa vimefuliwa bado hata mara moja, walimu walifunga madarasa mapema, na hata asiyesafiri alivaa viatu akaenda gatini kusimama tu.

Tulijiita watu wa meli. Wa Buseresere na Katoro tuliwaita watu wa vumbi, na binti wa hapa akiolewa huko mama yake alisema mtoto ameolewa porini. Kiburi hicho hakikutokana na jambo lolote tulilofanya. Meli hatukuiunda, gati hatukulijenga, na pamba yenyewe ililimwa na wengine. Kazi yetu ilikuwa kusimama karibu na vitu. Nimewafundisha watoto wa mji huu kwa zaidi ya miaka ishirini na sijaona dalili kwamba tumewahi kujifunza kazi nyingine.

Isipokuwa baba yangu. Yeye alikuwa na kazi.

Baba ni Msukuma wa upande wa Tinde. Alikuja hapa kijana, juu ya lori la pamba, amelala kwenye magunia, na hakuwa amewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Hadithi ya siku hiyo nililelewa nayo. Alishuka kwenye lori na njaa ya siku mbili, akamwendea msichana wa Kizinza aliyekuwa anauza sato wa kubanika kandokando ya gati. Alipopewa samaki akamla kama anavyokula nyama, kwa pupa, bila kujua habari za miiba. Mwiba ukamkaba. Msichana akaacha biashara yake, akamwinamisha, akampiga mgongoni ngumi za nguvu mpaka mwiba ukatoka, kisha akamwuliza kwao ni wapi ambako hawafundishi watu kula. Msichana huyo ndiye mama yangu, ambaye sasa ni marehemu. "Alinipiga kabla hajanijua jina," baba alikuwa akisema, na kila akisema alicheka mpaka akafuta machozi. Nilikuwa namwuliza makusudi, nikiwa mdogo na hata nikiwa mtu mzima, ili nimsikie akicheka: baba, siku ile ulikula nini?

Hakurudi Tinde. Aliajiriwa gatini kama kibarua, kisha akawa mshika kamba. Meli inapokaribia, baharia hurusha kamba nyembamba yenye kifundo kizito mwishoni. Mtu wa nchi kavu huidaka, akaivuta, na kamba nyembamba ikaleta ile kubwa, nene kuliko mkono, ambayo hutiwa kwenye nguzo fupi ya chuma. Ni kazi ya kitambo kidogo tu, lakini kamba ikimpita mshikaji ikaanguka majini, meli nzima husubiri na watu wote juu humcheka. Baba hakuwahi kuchekwa. Mimi nimekua nikimwona akiidaka kwa mkono mmoja, huku wa pili ameshika kofia yake isipeperuke.

Nilikuwa na miaka kama kumi siku aliponiambia habari ya kifusi. Meli ilikuwa imeondoka, na sisi wawili tulikuwa tumekaa gatini tukitafuna michembe ya viazi vitamu. Akakanyaga chini kwa kisigino, akaniuliza kama najua pale nilipokaa ni wapi. Nikasema ni gatini. Akasema hapana, umekaa juu ya mgodi. Akanisimulia kwamba miaka ya mwanzo ya Uhuru ziwa lilijaa likafunika gati lote, na likateremka polepole mno. Wakubwa wakaamua gati linyanyuliwe. Mgodi wa zamani wa Wazungu, upande wa Geita, ulikuwa unaelekea kufungwa na ulikuwa na vilima vya mawe na udongo uliokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu. Malori yakaenda kuvisomba, miezi na miezi, yakamwaga hapa, na vijana wenye makoleo wakasawazisha. Yeye alikuwa mmoja wao. Juu wakaweka zege, na zege ndilo ambalo watu wote walikuwa wakilijua.

"Haya ni ya nyumbani, mayu," akaniambia. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na baba wa huku humwita hivyo binti yake anapompenda. "Mimi sijamwambia mtu. Wenzangu wa makoleo wamekwisha wote. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Sikuuliza kwa nini iwe siri ya nyumbani. Wakati ule udongo wa marudio, yaani huo uliokwisha kuchenjuliwa mara moja, ulikuwa takataka tu, na mtoto wa mji wa meli hakujua chochote kuhusu dhahabu. Lakini baba aliwajua watu wake. Aliwajua kabla hawajajijua wenyewe.

Meli ikaja kuharibika. Ikavutwa kwenda Mwanza kutengenezwa, na tukaambiwa mwezi mmoja. Katika huo mwezi mmoja lami ikafika, mabasi yakaja, jineri ikauzwa vipande vipande kama chuma chakavu, na magugu maji yakaziba mdomo wa ghuba. Vibarua wa gatini wakatawanyika. Wengine walikwenda machimboni, maana huku kwetu kila kinachokufa watu wake huishia machimboni. Baba alibaki. Hakuna aliyemwambia abaki na hakuna aliyemlipa. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda na panga na kopo la rangi. Alifyeka majani yaliyoota kwenye nyufa za zege, akapaka nguzo zake mbili za chuma, akasoma kina cha maji kwenye mti aliouchora alama nyekundu. Watu walimpita wakimsalimia shikamoo, kisha wakifika mbele wakatikisa vichwa. Mimi mwenyewe nilimwonea aibu kwa miaka kadhaa, na heri niliseme hapa kuliko nisingizie kwamba nilimwelewa siku zote.

Kisha, mwaka juzi, wakaja watu waliovaa kofia ngumu nyeupe. Walipima, wakapiga picha, wakaita mkutano. Walisema meli inarudi. Walisema njia ya zamani itafufuliwa, na kwamba bandari zote ndogo zitakaguliwa baada ya masika. Gati litakaloonekana imara litapata meli, na lisilo imara litarukwa. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, aliuliza ni nani aliyelitunza gati letu vizuri namna ile. Watu wote wakageuka kumtazama baba, na wengine wakapiga makofi, wale wale waliokuwa wakitikisa vichwa. Kijana akamshika mkono akamwambia, "Mzee, likipita kwenye ukaguzi, kamba ya kwanza utaidaka wewe."

Baba alirudi nyumbani siku hiyo akitembea haraka kuliko mimi. Alikuwa amekwisha kuvuka miaka themanini. Alitoa kamba yake nyembamba kwenye sanduku, akaifunga jiwe ndani ya kitambaa mwishoni, akaniambia nisimame kule kwenye banda la kuku nimrushie. Nilirusha vibaya. Ikampiga kifuani. Nikarusha tena ikampita, kuku wakatimka, akaenda kuiokota mwenyewe akakataa nimsaidie. Kuanzia hapo tulifanya hivyo kila nikitoka shuleni, kabla ya ugali. Wiki mbili za kwanza hakuidaka hata mara moja. Wiki ya tatu aliidaka kwa mikono miwili. Masika yalipoanza alikuwa anaidaka mara saba katika kumi, na siku moja aliidaka kwa mkono mmoja akageuka kuniangalia, na mimi nikaingia ndani nikajifanya natazama sufuria.

Sasa nije kwenye upumbavu wangu.

Katika mtaala kuna mada ya historia ya mahali tunapoishi. Kila mwaka niliifundisha kwa kuwachukua wanafunzi mpaka gatini, na kila mwaka walipiga miayo. Mwaka huo, kwa kuwa meli ilikuwa inarudi, nilikwenda na moyo mkubwa. Nilieleza pamba, nikaeleza jineri, nikaeleza ziwa kujaa. Msichana mmoja mwenye akili, wa mstari wa mbele, akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, kwani mji wetu una kitu gani? Geita wana mgodi. Sisi tuna dagaa tu." Wenzake wakacheka.

Iliniuma. Hapo ndipo nilipoona kwamba kiburi cha watu wa meli na mimi nilikuwa nacho, tena kuliko wote. Nikakanyaga zege kwa kisigino, kama alivyofanya baba, nikawaambia: mnajua mmesimama juu ya nini? Nikawasimulia yote. Malori, makoleo, vilima vya mgodi wa Wazungu. Sijawahi kupata darasa likanisikiliza namna ile, na nilijisikia mwalimu kweli kweli.

Yule msichana akauliza, "Kwa hiyo humu ndani kuna dhahabu?"

Nikajibu, na jibu langu nalikumbuka neno kwa neno: "Ipo, lakini ni kidogo sana. Ndiyo maana waliitupa."

Mtu wa mahali pengine angesikia kwamba ni kidogo. Watu wa ukanda huu, kutoka Runzewe mpaka ziwani, wanasikia kwamba ipo. Na wakisikia kwamba Wazungu waliitupa, ndiyo basi tena, kwa sababu kila mtoto hapa anajua mitambo ya zamani iliacha nyingi, na siku hizi kuna dawa inayoitoa mpaka ya mwisho. Vilima vyote vya marudio vya kule Geita vimekwisha kugombaniwa na kuchenjuliwa mara ya pili na ya tatu. Mimi nimezaliwa hapa. Nina binamu watatu machimboni. Nilipaswa kujua kwamba sentensi ile haisemwi hadharani, na niliisema mbele ya watoto arobaini wenye wazazi.

Siku ya pili nilimwona mama mmoja kando ya gati na ndoo. Alisema anachukua udongo wa kukandika jiko. Siku ya nne alikuja mnunuzi kutoka Katoro na karai lake, akachota kifusi mahali ambapo zege lilikuwa limepasuka pembeni, akakiosha palepale ziwani mbele ya watu. Chini ya karai ikabaki chembe moja. Sikuiona mimi. Walioiona walisema ilikuwa ndogo kama yai la chawa, lakini walisema kwa sauti iliyofika mnadani. Kufika Jumatatu tulikuwa na rashi. Ndivyo wachimbaji wanavyouita mlipuko wa watu mahali panaposemekana pametoka dhahabu: wanakuja kwa bodaboda, kwa fuso, kwa miguu, na maturubai yao, na wauza chapati wanawafuata kabla ya jua kuchwa.

Nilitegemea kwamba wageni ndio watakaobomoa na wenyeji ndio watakaozuia. Ilikuwa kinyume. Wenyeji ndio waliotangulia, kwa kuogopa wageni wasije wakamaliza. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kutuliza hali, akatuliza, akaondoka, na mchana mkewe akaonekana na nyundo. Wanawake walikaa mistari miwili juu ya zege alilokuwa akilifyeka baba, wakigonga mawe na kusimuliana habari za ndoa. Askari walikuja mara mbili. Watu walikimbia mara mbili, wakarudi mara mbili.

Baba alikwenda kila siku. Alivaa suti yake ya kaunda, ile aliyoiweka kwa ajili ya siku ya meli, akasimama kati ya nguzo zake mbili. Na hiki ndicho kinachonichoma mpaka leo: walimheshimu. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyemtukana. Kila aliyefika na sururu alisimama kwanza, akainama kidogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wanangu, meli inakuja. Mkaguzi anakuja baada ya masika. Mkichimba hapa itapita."

"Ni kweli babu. Tunachimba kidogo tu hapa pembeni. Babu, samahani, sogea kidogo usije ukaumia."

Naye akasogea. Wakachimba pale alipokuwa amesimama. Kesho yake akasimama kwingine, wakamsalimia, wakamwomba asogee. Walimletea kigoda. Walimletea uji. Nimewahi kusikia wazee wakilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Natamani baba angekutana na wasio na adabu, angalau angepata mtu wa kugombana naye.

Mimi nilifanya nini? Nilikwenda nikasimama juu ya jiwe nikawaambia nilidanganya. Nilisema hadithi ya malori niliitunga ili watoto wafurahi, kwamba kifusi kilitoka mlimani tu hapo juu. Walinisikiliza kwa utulivu. Kisha mwanamume mmoja, baba wa mwanafunzi wangu, akacheka akasema mwalimu keshapata eneo lake sasa anataka tuondoke. Wakacheka wote. Siku ile nilipowaambia ukweli walinisadiki papo hapo, na nilipowadanganya kwa faida yao hawakunisadiki hata kidogo.

Jioni ya siku hiyo tulikuwa jikoni, baba na mimi, tunakunywa chai. Kamba ilikuwa imening'inia msumarini. Hatukuwa tumeirusha kwa siku kumi.

"Nani kawaambia?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu siku ya ndoo ya kwanza. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kuomba msamaha, mazuri kabisa, yenye machozi ndani yake. Nikafungua mdomo nikasema, "Sijui, baba. Labda wamebahatisha tu."

Akapuliza chai yake. "Mimi katika maisha yangu nilimwambia mtu mmoja," akasema. Akanywa, akaweka kikombe chini, akaniuliza kama kuku wameingia bandani.

Nilitoka kwenda kuwaangalia kuku. Nafasi ya kusema ilikuwa pale, ilikaa pale mezani usiku kucha na kesho yake yote, na mimi sikuitumia. Nilijiambia kwamba ni mzee, atasahau. Nilijiambia labda hajui. Siku tatu baadaye jirani yetu mmoja, mama wa yule msichana wa mstari wa mbele, alikuja na kiroba cha kifusi kichwani. Baba alikuwa amekaa barazani. Mama yule akapiga goti, akaamkia, akatua mzigo.

"Babu, hiki ni cha mwalimu. Tumechanga wazazi wa darasa la sita. Bila yeye kuwafumbua macho watoto wetu tungekuwa tunakanyaga tu mpaka kufa."

Mimi nilikuwa mlangoni na beseni la vyombo. Baba hakunitazama. "Mungu awabariki," akamwambia. "Kiwekeni hapo." Kiroba kipo hapo mpaka sasa. Kimeota majani na mende wameingia ndani.

Dhahabu yenyewe ilikuwaje? Kama nilivyosema: kidogo sana. Waliopeleka viroba kwenye mitambo ya dawa walirudi na ya kununulia sukari na vocha. Wageni walipoona hivyo wakakunja maturubai wakafuata rashi nyingine. Wenyeji waliendelea kidogo kwa aibu, kisha nao wakaacha. Mvua za mwisho za masika zilikuta gati limekuwa mashimo matupu chini ya zege, na ziwa, lililokuwa limesubiri kwa adabu pembeni, likaingia. Sehemu ya mbele ilikatika ikaenda chini pamoja na nguzo moja ya chuma. Ya pili imebaki imeinama, rangi yake bado nyekundu.

Mkaguzi alikuja baada ya masika kama walivyoahidi, yule yule kijana. Alisimama akashika kiuno. Watu walikuwa wamekusanyika, wameoga, wamevaa viatu. Nilitazama nyuso zao nikaona kwamba wote walikuwa wakimngoja mtu mwingine aseme. Kijana alimtafuta baba kwa macho akamkuta.

"Mzee wangu, imekuwaje?"

Baba, aliyepima maji ya ghuba hii kila Jumamosi kwa nusu ya umri wake, aliyejua kwa alama yake nyekundu kwamba ziwa lilikuwa limepanda kiganja kimoja tu, alivua kofia.

"Ziwa," akasema. "Lilipanda."

Kijana akaandika. Nilisikia kundi zima likishusha pumzi. Ndiyo sababu kila mtu hapa atakuambia ziwa. Baba alitupa uongo huo mbele ya serikali, na mji ukaudaka vizuri kuliko kitu chochote ulichowahi kurushiwa. Najua alimkinga nani kwanza. Mwalimu aliyesababisha mali ya umma ibomolewe asingebaki na kazi.

Meli inafungwa kwenye gati lingine sasa, upande wa pili wa ghuba. Asubuhi upepo ukiwa mzuri tunaisikia honi. Baba huacha anachofanya, akasikiliza mpaka ikanyamaza, akaendelea. Kamba yake aliikata vipande vitatu akafungia mbuzi.

Hajanigombeza. Hajanisema kwa ndugu. Tunasalimiana vizuri, ananiuliza shule ikoje, ananishukuru kwa ugali. Mwezi uliopita shule iliniomba niandike historia ya mji wetu, kurasa chache za kuwekwa maktaba, na hakuna aliye hai anayeijua isipokuwa yeye. Nilikaa naye barazani na daftari jipya. Nilimwuliza jineri ilijengwa na nani. Akasema hakumbuki. Nilimwuliza meli ya kwanza ilikuwa na rangi gani. Hakumbuki. Wakati huo huo alikuwa anamwelekeza mjukuu wa jirani, bila kusita, njia ya ng'ombe ya kule kwao Tinde, kisima kwa kisima, njia ambayo hajaikanyaga tangu ujana wake.

Nikaliweka daftari chini. Nikamwuliza lile moja, si kwa ajili ya shule.

"Baba, siku ile uliposhuka kwenye lori la pamba, ulikula nini?"

Alitazama barabara inayoteremka ziwani. Nilingoja mabega yake yatikisike kwa kicheko, kama kawaida, kabla hata hajaanza kusimulia.

"Sikumbuki, mayu," akasema.